Amondi Alivyojaza Fomu ya Okinyi

Fomu ilikuwa chini ya thamosi, imeshapigwa sahihi, na haikuwa na neno lingine hata moja.

Kwa kina Owuor karatasi zote huenda hivyo. Baba Owuor anatoka saa kumi na moja alfajiri kuenda karakana ya reli. Mama Rispa naye anamfuata dakika kumi baadaye, lazima afike soko la Gikomba kabla mapazia mazuri hayajabebwa na wajanja. Kabla watoke, kila mtu anaweka sahihi kwa karatasi tupu na kuiwacha hapo mezani. Amondi akiamka, anajaza. Amejaza tangu akiwa darasa la sita: za bima, za basari, za mita ya stima, hadi barua ya babake ya kuomba likizo. Na hajawahi kosea.

Si kwao pekee. Ploti nzima hapo Dandora, milango minane na bomba moja la maji, inamwita Ofisi. Alimaliza Form Four mwaka jana na akapata A, sasa anangoja kuenda chuo, na kila jioni lazima kuna mtu mlangoni ameshika bahasha. Hachukui pesa. Bi Kadija wa mlango wa pili humlipa na mahamri.

"Ofisi iko wazi?" Bi Kadija aliuliza hiyo Jumatatu, sahani mkononi.

"Iko, Bi Kadija. Karibu."

"Naona leo una mteja wa nyumbani."

Mteja wa nyumbani alikuwa Okinyi, ndugu yake mdogo, miaka kumi na tano, gredi ya tisa. Alikuwa amekalia ndoo kwa sababu kiti kilikuwa kimejaa vitabu vya Amondi. Na hii fomu haikuwa ya mchezo. Gredi ya tisa ndio unachagua njia utakayofuata ukienda sekondari ya juu: sayansi, ama masomo ya jamii, ama sanaa na michezo. Ukishapelekwa huko, umeenda. Amondi alitoa kalamu nyeusi, akaipigapiga kwa kidole.

"Okinyi, niambie ukweli. Unataka njia gani?"

"Ya mkato."

"Okinyi."

"Sawa, sawa. Niandikie rubani. Nikiwa na helikopta, baba akichelewa kazi namshusha pale karakana na kamba. Afike akining'inia na kikombe yake ya chai."

Bi Kadija alicheka mpaka hamri moja ikaanguka. Okinyi aliidaka kabla ifike chini, akaitia mdomoni, akasimama.

"Hii inarudi shule kesho asubuhi," Amondi alisema.

"Si ndio maana tuko na ofisi?" Okinyi alisema na mdomo umejaa, na huyo, mechi ilikuwa inaanza.

Uwanja wenyewe ni vumbi tu nyuma ya ploti, magoli ni mawe, lakini Okinyi akiwa pale na maiki na spika yake ya kujiundia, mtu angedhani watu wamelipa kiingilio. Yeye hachezi. Yeye anatangaza. Sauti iliingia kwa dirisha la Amondi kama kila jioni: "Odero anapata mpira. Odero anaangalia mpira. Mpira unamwangalia Odero. Hawajuani hawa wawili, wapenzi wasikilizaji, wangepelekwa kanisani wasalimiane kwanza."

Amondi alitabasamu bila kutaka. Na usidhani aliandika haraka. Alikaa na ile fomu karibu saa nzima. Alifikiria vile yeye alisoma kemia mpaka miguu inafura kwa kukaa. Alifikiria Okinyi, ambaye hawezi maliza ugali kabla asimame mara tatu. Sayansi ingemuua. Wangemfukuza, ama abaki huko akae kimya kama watu wengine, na hiyo ingekuwa mbaya zaidi. Basi kwa herufi kubwa, safi, akaandika: SANAA NA MICHEZO. Halafu akatafuta shule zenye uwanja mkubwa na kikundi cha maigizo, akazijaza zote, moja moja.

Alipomaliza alijisikia vizuri sana, kama mtu amenunulia mwingine zawadi bila kuulizwa.

*

Jumatano usiku kulikuwa na ugali na omena, na baba alikuwa na moyo mzuri kwa sababu alikuwa amerudi mapema.

"Hii fomu ya huyu kijana iliisha?" aliuliza.

"Niliipeleka jana," Amondi alisema. "Nilimwekea sanaa na michezo."

"Ah, hapo umempata," Mama Rispa alisema. "Huyu angefanya nini na sayansi? Si angechomea mwalimu nyusi."

Baba alicheka. "Omera, kijana wangu, hongera. Sasa utalipwa kwa kelele."

Wote walimwangalia Okinyi, wakingoja. Na Okinyi hakuwaangusha. Alishika kijiko kama maiki. "Na hapa tunaona Okinyi, mikono hewani, amepigwa tobo na dadake mwenyewe. Refa anasema tuendelee."

Walicheka tena. Mama alisukuma sufuria upande wake, kama kawaida, juu Okinyi huongeza ugali mara mbili.

"Nimeshiba," Okinyi alisema.

Mama hakuona kitu. Baba alikuwa anatafuta mwiba katikati ya meno. Ni Amondi tu aliona ile sufuria imebaki hapo katikati ya meza, na ugali wa watu watatu bado uko ndani.

*

Alhamisi jioni uwanja ulikuwa na mechi lakini haukuwa na sauti. Wachezaji walikuwa wanakimbia tu, wakisimama kila mara kuangalia ploti, kama wamesahau sheria. Odero mwenyewe alikuja mlangoni, jasho mpaka kwa soksi.

"Sistee, Okinyi ni mgonjwa?"

"Hapana. Kwani?"

"Hatujui kama tunacheza poa ama vibaya. Hakuna mtu anatutusi."

Amondi alizunguka nyuma, kwa bomba. Okinyi alikuwa amekaa kwa jiwe la kufulia, ile spika yake amefungua matumbo yote nje, na kando yake kulikuwa na Kaha, mtoto wa Bi Kadija, miaka tisa, ameshika bisibisi kama ameshika mshumaa wa kanisa.

Amondi alisimama kwa kona. Hakuwa amewahi kuiangalia hiyo spika. Yeye alijua tu kelele yake. Sasa aliona ni sanduku la mbao za kitanda, spika ya gari iliyookotwa jalalani, betri za simu nne zilizofungwa pamoja na tepu, na katikati kibao kidogo chenye waya nyingi, kila waya imepinda vizuri kwa kona yake kama nywele zimesukwa.

"Kwa nini inafanya shhh?" Kaha aliuliza.

"Angalia hapa bomba. Mama yako akifungua maji na mama yangu afungue kwa wakati mmoja, si maji inapungua?"

"Inapungua."

"Na inaanza kupiga kelele kwa paipu. Stima pia iko hivyo. Hizi betri zinagawana kazi na moja imechoka, so zingine zinamsukuma. Hiyo shhh ni yeye analia. Sasa ukiweka hii kitu hapa, hii ya rangi rangi, unamwambia stima: pole pole, mmoja mmoja, hii si maji ya bure."

Kaha alicheka, halafu akafikiria. "Kumbe ni foleni tu."

"Ni foleni tu. Lakini ukikosea foleni, unapigwa."

Amondi alikuwa amefundishwa hiyo kitu Form Two na mwalimu mwenye digrii mbili, na alikuwa ameikariri mpaka akapata A. Hakuwa amewahi kuiona. Sasa aliiona, imesimama foleni na mtungi kwa bomba.

Alitoka kwa kona. Kaha alimwona kwanza, akaweka bisibisi chini kama ameshikwa akiiba.

"Kaha, enda mamako anakuita," Amondi alisema.

"Hajaniita."

"Atakuita."

Kaha alienda. Amondi alikaa kwa ndoo.

"Kile kitabu changu cha fizikia," Amondi alisema, "chenye grisi kwa kurasa za stima. Nilikugombeza ati unafungia chapati."

"Kidogo nilifungia chapati."

"Okinyi."

Okinyi alikuwa anafunga skrubu na hakuinua kichwa. "Nilikuwa nataka ile ya umeme. Iko kwa sayansi. Nilisoma kwa ubao pale shule."

"Si ungeniambia. Nilikuuliza mara mbili."

"Mara moja. Ya pili uliita jina tu."

"Na ukaniambia helikopta."

"Si nilikuwa natania kwanza." Sasa aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza Amondi aliona ile uso bila utani, na ilikuwa kama uso wa baba, mrefu hivi na umechoka kidogo. "Amo, mimi hutania kwanza halafu ndio nasema. Kila mtu hucheka ile ya kwanza na anaenda. Wewe ndio nilidhani utangoja."

Amondi alitaka kusema alikuwa anamfikiria yeye, alikuwa amekaa na hiyo fomu saa nzima. Alifungua mdomo, akaona kila kitu anataka kusema kinaanzia na "mimi". Akaufunga.

"Wanafunga lini hiyo mambo ya kuchagua njia?" aliuliza.

"Kesho saa kumi."

*

Mwalimu Maingi, mwalimu wa darasa la Okinyi, hupokea watu kwa stafurumu, na stafurumu Ijumaa asubuhi imejaa walimu wanaokunywa chai. Alipomwona Okinyi alifunika kikombe chake na mkono.

"Okinyi, leo sina nguvu."

"Mwalimu, nimekuja kubadilisha njia. Nataka sayansi."

Mwalimu wa Kiswahili kule nyuma alikohoa chai. Maingi aliwangoja wenzake wamalize kucheka.

"Wiki iliyopita uliniambia unataka kuwa Papa wa Roma."

"Hiyo niliwacha, mwalimu. Kofia haingenitosha."

Stafurumu ilicheka tena, na Amondi akaona vile shingo ya Okinyi imeanza kulegea, vile anataka kuendelea, juu kuchekesha watu ni rahisi kuliko kusimama tu hapo. Alimkanyaga mguu. Okinyi alinyamaza.

"Mwalimu, hatanii," Amondi alisema. "Tunaomba tu uangalie ripoti yake."

Maingi alivuta faili, hasa ili amalize hiyo maneno. Alisoma. Akavaa miwani, akasoma tena.

"Sayansi, amezidi matarajio. Mara tatu." Akafungua ukurasa mwingine. "Hesabu amefikia. Somo la ufundi amezidi." Aliangalia Okinyi kama ni mtu mwingine ameingia na sweta ya Okinyi. "Na hakuna mtu aliniambia."

"Ni wewe uliandika, mwalimu," Okinyi alisema, kwa heshima.

Mwalimu wa Kiswahili alikohoa chai ya pili. Maingi alitoa fomu mpya kwa droo.

"Sikilizeni. Hii inataka sahihi ya mzazi, mpya, na leo. Na mkuu wa shule hawezi nikubalia nibadilishe kwa mtambo wa kompyuta bila barua ya kueleza kosa lilitoka wapi. Ya kwanza ilijazwa na nani? Mzazi?"

Okinyi alianza, "Ilikuwa tu..."

"Mimi," Amondi alisema.

"Wewe?" Maingi alivua miwani. "Wewe si ndio Amondi? Walimu, huyu ndio yule Amondi. Kila mwaka nawaambia hawa watoto habari yako. Yule msichana hakuwahi kufuta kitu na ufutio."

Alikuwa anasema kwa furaha kabisa, na hiyo ndio ilikuwa mbaya. Walimu watano walimgeukia Amondi na vikombe. Maingi alimsukumia karatasi na kalamu, na Amondi akaandika akiwa amesimama, kwa kona ya meza ya watu wengine, kati ya sukari na daftari za gredi ya saba. Aliandika jina lake. Aliandika tarehe. Halafu akafika kwa neno "nilikosea", na mkono ukakataa. Hakuwa amewahi kuliandika akijisemea yeye mwenyewe. Alilianza, akalikata, akalianza tena, na lilipotoka mwishowe lilikuwa limepanda juu ya mstari kama limelewa.

"Naomba karatasi nyingine, mwalimu. Nimekata."

"Peleka tu hivyo," Maingi alisema. "Ni barua ya kosa."

*

Mama Rispa alikuwa amesimama juu ya benchi pale Gikomba, pazia jepesi la shia limemfunika kichwa kama bibi harusi, anaita wateja. "Dirisha ni uso wa nyumba, mama! Usiwache uso bila poda!" Kisha akaona watoto wake wawili mchana wa Ijumaa, pamoja, na akashuka haraka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Ni fomu ya Okinyi inataka sahihi."

"Ah." Roho yake ilirudi. Alichukua fomu, akaiweka juu ya mzigo wa mapazia, akatafuta kalamu kwa nywele, na mkono ulikuwa tayari unashuka kwa mstari wa chini wakati Amondi alivuta karatasi.

"Ijazwe kwanza."

"Tangu lini? Nina wateja."

"Tangu leo. Ijazwe, usome, halafu usaini."

Mama alimwangalia, akamwangalia Okinyi. Kuna mteja alikuwa ameshika pazia la bluu akiuliza bei mara ya tatu. Mama alimwambia, "Mama, ngoja kidogo, hapa kuna kikao."

Amondi alimpa Okinyi kalamu nyeusi. Okinyi alipiga magoti kwa mavumbi, fomu juu ya mzigo, na akaanza kujaza. Herufi zake ziliegemeana. Mara mbili aliinua kichwa.

"Umeme naandika kwa mstari huu?"

"Soma vile inauliza," Amondi alisema, na akaangalia kando kabisa, kule kwa mafundi wa vitanda, juu angeangalia hiyo mwandiko angemnyang'anya.

Alipomaliza, mama alisoma. Alisoma na kidole, mstari baada ya mstari, midomo ikitembea. Mteja wa pazia la bluu naye aliinama akasoma.

"Umeme," mama alisema. "Si ndio hiyo huua watu?"

"Huua wenye hawajasoma, Mama."

Mama alifikiria hiyo. "Na ile michezo ya juzi? Si ulifurahi? Si ulituchekesha?"

"Nilitania, Mama."

"Basi siku nyingine utanie halafu useme, mimi sina dawa ya kujua." Akaweka sahihi, taratibu, kubwa kuliko kawaida. Halafu akamwangalia Amondi. "Na wewe ulikosea?"

"Nilikosea."

"Mh," Mama Rispa alisema, na ilikuwa wazi hilo neno limemfurahisha kidogo. Miaka yote hiyo hakuwa na mtoto wa kawaida. "Mumekula?"

Mteja wa pazia la bluu alilinunua bila kupunguziwa, akasema hiyo ni ya kumuunga mkono huyo kijana wa stima.

*

Walirudi shule saa tisa na dakika arobaini. Maingi alikuwa kwa kompyuta ya ofisi ya mkuu, mikono kichwani.

"Mtandao unaenda na kurudi. Kaeni."

Walikaa kwa benchi. Ule mviringo ulizunguka kwenye skrini. Ukazunguka. Saa ya ukutani ilikuwa na sauti. Okinyi alianza kutikisa goti, halafu magoti yote mawili, halafu benchi yote ikaanza kutetemeka na Amondi akiwa juu yake, na hakumwambia awache.

Saa kumi kasoro dakika sita ukurasa ulifunguka. Maingi alisoma fomu, akasoma barua ya Amondi, akaivuka ile sehemu iliyokatwa. Vidole vyake vikaelekea kibodi. Halafu alisimama.

"Okinyi, kuja hapa. Kaa."

"Mimi, mwalimu?"

"Ni yako. Ukibonyeza mwenyewe, mwakani hautakuja kuniambia nilikosea mimi."

Okinyi alikaa kwa kiti cha mwalimu mkuu. Kilikuwa cha kuzunguka, kile cha magurudumu, na siku nyingine yoyote angekizungusha mpaka kianguke. Hakukizungusha. Aliweka kidole kwa kipanya. Orodha ikashuka, na ilikuwa ndefu, yenye maneno madogo.

"Amo, ni hii?"

Amondi alikuwa ameshainuka nusu kutoka kwa benchi. Kutoka pale aliona skrini vizuri, aliona mstari wenyewe uko wapi, aliona Okinyi amepita chini kidogo. Neno lilikuwa limefika kwa meno. Alikaa tena, akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja yake, akaikalia.

"Sijui," alisema. "Soma."

Okinyi alirudi juu. Alisoma kwa sauti, pole pole, mstari kwa mstari, kama mamake. Maingi aliangalia saa. Kisha kidole kikasimama.

"Hii hapa," Okinyi alisema, na akabonyeza.